Macho ya forodha juu ya kilima cha Marseille

Ukiishi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, utayazoea maandishi ya CMA CGM, kampuni ya meli, kabla hujalijua jina la diwani wako. Makontena ya buluu iliyopauka, pembe zimeanza kuliwa na kutu, yako juu ya matrela usiku na mchana. Yametoka Mombasa yanakwenda Kampala, mengine Kigali, mengine Juba. Mimi ni ajenti wa klaringi, natoa mizigo ya watu forodhani. Makaratasi ya makontena hayo yamepita mikononi mwangu hadi namba zake nikaziota, lakini sikuwahi kujiuliza mwenyewe ni nani na anakaa wapi. Aliyenifungua macho ni mdogo wangu. Anasoma Marseille, kusini mwa Ufaransa, na siku moja kwenye simu akanitania: "Dada, njoo nikuonyeshe ofisi ya mabosi wako. Ukipanda kile kilima cha kanisa unaiona yote, toka chini hadi kwenye paa." Wenzangu huenda Ufaransa kuuona mnara wa Eiffel. Mimi niliitiwa makontena.

Habari ya viza nitairuka. Aliyewahi kuomba anaijua, na ambaye hajaomba hataniamini.

Marseille si Ulaya ile ya kwenye kalenda. Ni mji wa bandari na una tabia za bandari: kelele, takataka, honi, watu wanaosalimiana kutoka ng'ambo ya barabara kana kwamba wanagombana. Wagiriki waliotoka Phocaea waliuanzisha yapata mwaka 600 kabla ya Kristo, na mpaka leo asubuhi wavuvi wanauza samaki kando ya maji kwenye bandari ya zamani, Vieux-Port, samaki bado wanarukaruka kwenye beseni. Kwenye soko la Noailles nilikuta mihogo, bamia, pilipili mbuzi na ndizi za kukaanga. Matoke hapana. Nililalamika kwa Kiswahili, peke yangu tu, kama mtu anavyonung'unika sokoni, na mwenye duka akanijibu kwa lugha ambayo nusu yake niliielewa. Alikuwa Mkomoro.

Hilo nalo sikulitegemea. Wakomoro wa Marseille ni makumi ya maelfu, wengi wao asili yao ni Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, na wenyewe hupenda kusema kwamba wako wengi kuliko walioko Moroni, mji wao mkuu. Wa kwanza kwanza walikuja kama mabaharia, wakipakia makaa na kusugua sitaha kwenye meli za Kifaransa, halafu wakabaki. Mama mwenye nyumba ya mdogo wangu ni Mngazija. Utotoni alilelewa Zanzibar na shangazi yake, kwa hiyo Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu cha mpakani, na alikuwa akinisahihisha kwa upole wa kuudhi. Marehemu mumewe alikuwa baharia. Wapangaji wote humwita Mama, nami nikafuata.

Mama ndiye aliyeamua siku ya kupanda kilima. Mimi nilitaka kwenda mara tu nilipofika, akakataa. "Utaona paa nyekundu tu, mwanangu. Tembea kwanza. Ujue hapa ni wapi na pale ni wapi, ndipo upande ukavitafute." Ni ushauri ambao ningempa mgeni yeyote anayetaka kupelekwa juu ya mnara wa msikiti mkubwa pale Old Kampala akiwa bado na vumbi la basi kwenye viatu. Kule juu utaonyeshwa Namirembe, Rubaga, Kibuli, Kololo, na hutajali hata kimoja, maana hujawahi kunyeshewa kwenye kimojawapo.

Kilima chenyewe hakijifichi. Kina karibu mita 150 tu, lakini kimesimama peke yake karibu na bahari, na juu yake kuna kanisa la Notre-Dame de la Garde, na juu ya mnara wa kanisa kuna sanamu ya Bikira Maria akimbeba mwanawe, urefu wake mita 11 na ushei, imepakwa dhahabu. Popote ulipo mjini, ukigeuka, unaiona. Uko kwenye foleni ya mkate, unaiona. Umepotea njia, unaiona. Wenyeji huiita Mama Mwema.

Mimi ni mtu wa Tororo. Nimekulia chini ya mwamba ambao unaonekana hata ukiwa ndani ya Kenya, na najua vizuri kazi ya kitu kama hicho. Mwamba wa Tororo kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, kuna ngazi za chuma za kupandia, watalii wanaupanda na kushuka wakihema. Wenyeji wengi niliokua nao hawajawahi kufika juu. Wa nini? Mwamba kwetu ni wa kutazamwa ukiwa chini. Umetoka Nairobi na basi la usiku, shingo imekakamaa, kunapambazuka, ukiuona ule mwamba unainama kutafuta kiatu chako chini ya kiti. Madereva wa malori nao wakiuona wanajua foleni ya Malaba iko karibu, na wanaanza kutukana mapema.

Mama akaniambia mumewe alikuwa akisema vivyo hivyo. Miezi baharini, Djibouti, Suez, halafu asubuhi moja mtu aliye zamu anaona nukta ya dhahabu. Hapo kila mmoja anakwenda kunyoa ndevu.

*

Basi namba 60 linatoka Vieux-Port mpaka mlangoni mwa kanisa. Mama akapanda basi. Mdogo wangu, kwa kuwa bado ana magoti ya miaka ishirini, akasema sisi tutembee. Zamani kulikuwa na lifti ya reli iliyokuwa ikipandisha watu, vyumba viwili vikipishana, kimoja kikishushwa na uzito wa maji kingine kikipanda. Ilianza mwaka 1892 ikafungwa 1967 magari yalipozidi. Nililaani kila aliyehusika kuifunga. Mitaa ya kule juu imesimama wima, nyumba zimepandiana, na kila ukidhani umefika kuna ngazi nyingine.

Halafu upepo. Kuna upepo wanaouita mistral, unashuka kutoka kaskazini kwa bonde la mto Rhône, mkavu, baridi, na hauna adabu. Sisi watu wa Tororo tuna sifa ya radi: kati ya mwaka 1967 na 1976 ilihesabiwa wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka, na kuna vitabu vya rekodi vilivyotuandika kwa hilo. Mimi na mbingu tumezoeana. Lakini radi hupiga ikaenda zake. Mistral unakusukuma kama kondakta wa teksi anayetaka kujaza gari. Ulininyang'anya kilemba kwenye kona ya mwisho, na kijana mmoja aliyekuwa akishuka na mbwa wake akakidaka kwa guu, akanirudishia huku akicheka.

Faida yake ni kwamba mistral hufagia anga. Nilipofika kwenye ukuta wa juu na kuegemea jiwe, hakukuwa na ukungu hata kidogo. Bahari ilikuwa ya buluu nzito, imechanwachanwa na mistari myeupe ya mawimbi, na milima ya chokaa pembeni ilikuwa myeupe kama imepigwa rangi asubuhi ile.

Mdogo wangu akaanza kazi ya uongozaji. Pale mbele, visiwa vya Frioul. Kile kidogo chenye ngome ni If, ngome ilijengwa na mfalme François wa kwanza kati ya 1524 na 1531, baadaye ikawa gereza. Mwaka 1516, kabla ya ngome, kilishushwa hapo kifaru. Ndiyo, kifaru. Alitoka India, akapelekwa kwa mfalme wa Ureno, naye mfalme akamtuma kama zawadi kwa Papa, na njiani meli ikapumzika If, mfalme wa Ufaransa akaja kumtazama. Baadaye meli ilizama pwani ya Italia, na mnyama alikuwa amefungwa minyororo. Nilipoelezwa hayo niliwaza kwanza makaratasi yake: huyu ni mzigo wa kupita tu, au alitakiwa kutozwa? Baadaye nikawaza kwamba kwetu Uganda vifaru tuliwamaliza kabisa kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, mpaka wakaja kuletwa upya kwenye hifadhi ya Ziwa, kule Nakasongola, na ng'ambo hii watu walikuwa wakiwasafirisha kwa jahazi miaka mia tano iliyopita.

Upande wa kusini, uwanja wa Vélodrome, paa lake jeupe linapinda kama shuka iliyoanikwa. Unachukua watu 67,000. Hapo mdogo wangu alikaa muda mrefu kuliko kwenye kanisa lolote, akanisimulia ubingwa wa Ulaya wa timu ya Marseille wa 1993, bao moja la Boli dhidi ya Milan, na Abedi Pele akiwa uwanjani. Nilimwacha. Mtu ana haki ya dini yake.

Kaskazini, Vieux-Port kama mfuko ulioingia ndani ya mji, ngome mbili mdomoni, kitongoji cha zamani cha Le Panier, kanisa kuu lenye mistari, na baada ya hapo gati ndefu zenye meli nyeupe za abiria ziendazo Corsica, Algeria na Tunisia. Na nyuma ya gati hizo, minara miwili. Mmoja mrefu zaidi, wa vioo, umejipinda kiunoni.

"Huo," akasema. "Mabosi wako."

Mita 147. Mchoro wa Zaha Hadid. Kampuni ilianzishwa hapa mwaka 1978 na Jacques Saadé, aliyekuja kutoka Lebanon akikimbia vita, akaanza na meli moja ya kwenda Beirut na bandari za jirani. Niliutazama sana. Nilitegemea nitahisi kitu. Nilichohisi ni kama ulivyoongea na mtu kwenye simu miaka mingi, ukamkuta ni mfupi. Na makontena yenyewe? Nilimuuliza yako wapi, maana gati za chini zilikuwa na machache tu. Akacheka: bandari kubwa ya makontena iko Fos, kama kilomita 50 magharibi, hapa hubaki sehemu tu. Kwa hiyo hata hapa ofisi iko mahali pamoja na jasho liko pengine. Nikajisikia nyumbani.

*

Mama alikuwa ametangulia, amekaa kwenye ukingo wa jiwe mahali upepo haufiki, amefunga mtandio mara mbili. Watalii wote walikuwa wameelekea baharini na bandari ya zamani, simu juu. Yeye aliangalia mbali kaskazini, mahali ambapo mji unapanda tena kuelekea milimani na majengo marefu ya rangi ya biskuti yamesimama makundi makundi.

"Njoo huku," akaniita. "Huko wanakopiga picha hakuna mtu ninayemjua."

Akaanza kunionyesha kwa kidole. Mtaa aliofikia alipokuja, chumba kimoja na shemeji zake. Jengo alilozalia wa kwanza. Hospitali iliyoko kaskazini. Mahali mwanawe anapofanya kazi ya ulinzi. Ukumbi wanaofanyia harusi kubwa za Kingazija, ambazo mtu huwekeza nusu ya maisha yake ili aitwe mtu mzima kwao. La Castellane, alikokulia Zidane, huko nyuma kabisa. Kitabu cha kuongozea watalii alichokuwa nacho mdogo wangu hakikuwa na hata sehemu moja ya hizo, ramani yake ilikuwa imeishia kwenye zile gati. Nilielewa kwa nini alinizuia siku ile ya kwanza. Sehemu tatu kati ya alizonitajia nilikuwa nimeshapita kwa miguu, nikiwa nimebeba mihogo, na macho yangu yalizikuta mara moja.

Nikamuuliza kama si taabu kwake, Mwislamu, kupanda kwenye kanisa. Akanitazama kama nimeuliza maji yanalowesha vipi.

"Anayerudi kutoka baharini anamuona huyu kwanza. Nani alimuuliza dini? Aliyelichora kanisa hili mwenyewe hakuwa Mkatoliki."

Na kweli. Henri-Jacques Espérandieu, aliyelisanifu, alikuwa Mprotestanti. Jiwe la msingi liliwekwa 1853, kanisa likabarikiwa 1864, na sanamu ikapandishwa 1870. Lakini kilima kilikuwa na kanisa dogo tangu 1214, na François wa kwanza alizungushia ngome, kwa hiyo mpaka leo unaingia kwa daraja la kuinuliwa, kama unaingia kambini. Maana hapa, kabla ya kuwa mahali pa kupigia picha, palikuwa mahali pa kazi. Walinzi walikaa huku juu wakitazama upeo wa bahari, na meli ikitokea walitoa ishara mjini. Mfanyabiashara aliye chini akajua: mzigo umefika, tafuta wabebaji, tafuta fedha ya ushuru. Leo mimi nafuatilia meli kwenye simu nikiwa nakunywa chai Malaba, naona alama ndogo ya mshale ikijikokota karibu na Mombasa. Ni kazi ile ile, tofauti ni upepo.

Ukutani upande wa kaskazini kuna matundu. Ni ya risasi za Agosti 1944, mji ulipokombolewa kutoka kwa Wajerumani. Kati ya waliopanda huku wakipigana walikuwamo askari wa Algeria wa jeshi la Ufaransa. Babu zetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakati huo walikuwa wamepelekwa Burma. Nilipitisha vidole kwenye tundu moja. Linaingiza kidole gumba mpaka kwenye kifundo.

*

Ndani sikutegemea chochote. Makanisa ya Ulaya nilishayaona kwenye televisheni. Nikaingia ili nipate joto.

Juu, katikati ya matao yenye mistari myekundu na myeupe na dhahabu kila mahali, zinaning'inia meli. Vimeli vidogo, vya mbao, vimefungwa kwa nyuzi ndefu kutoka darini, vinazunguka polepole mlango ukifunguliwa. Kimoja kilikuwa karibu na nguzo niliyosimama, kimetengenezwa kwa mkono wa mtu ambaye hakuwa fundi: tanga ni kitambaa cha shati, kamba ni uzi wa kushonea, na pembeni ameandika jina la meli kwa herufi zisizolingana. Kuta nazo zimejaa vibao vya marumaru, vidogo kama daftari, vingi vimeandikwa shukrani na tarehe tu. Na picha za kuchorwa: meli imelala ubavu kwenye dhoruba, farasi wamepinduka na gari, mtoto anaanguka kutoka dirishani na juu kabisa kwenye pembe ya picha Bikira anaangalia kwa utulivu. Waliopona ndio waliochora. Hilo unalifahamu baada ya picha ya kumi hivi, ukaanza kutafuta wengine na usiwaone.

Sikuweza kuacha kufikiria meli ambayo haina kibao humu, ile ya mwaka 1720. Nilikuwa nimesoma habari zake mjini, kwenye makumbusho ambako nanga yake imewekwa, na kwa mtu wa kazi yangu ile si historia, ni mkasa wa ofisini.

Meli iliitwa Grand-Saint-Antoine. Ilifika tarehe 25 Mei 1720 kutoka pwani za Syria na Lebanon, imebeba pamba na vitambaa vya hariri. Njiani watu walikuwa wamekufa melini, mpaka daktari wa meli. Kwa utaratibu wa bandari, meli yenye mashaka ya namna hiyo ilitakiwa itengwe mbali, kwenye kisiwa cha Jarre kule kusini nyuma ya majabali. Marseille ilikuwa na mojawapo ya taratibu kali za karantini kuliko bandari zote. Lakini vitambaa vilikuwa na wenyewe, na miongoni mwa wenyewe walikuwamo wakubwa wa mji. Maonyesho ya biashara ya Beaucaire yalikuwa mwezi Julai. Mzigo ukicheleweshwa, msimu umepita.

Nani asiyeijua simu ile? "Mama, mzigo wangu utoke leo, nina mteja anasubiri." Nimepigiwa na wafanyabiashara, na ndugu zao, na mtu mmoja aliyenipa salamu za mkubwa ambaye nina hakika hakumjua.

Mzigo ukashushwa kwenye jengo la karantini karibu na mji badala ya kupelekwa kisiwani. Vitambaa vikatoroshwa nje. Tauni ikaingia, na ilipomaliza, karibu nusu ya watu wa mji walikuwa wamekufa. Mitaa ile niliyoipita nikiwa na mihogo, maiti zilirundikwa. Meli ikachomwa moto Jarre mwezi wa Septemba. Nahodha akafungwa kwenye ile ngome ya If, miaka. Wakubwa wenye mzigo hawakumfuata huko.

Mwaka 2020 mimi nilikuwa Malaba. Madereva walikuwa wakipimwa korona kabla ya kuvuka, foleni ikarudi nyuma kilomita na kilomita ndani ya Kenya, watu wakilala chini ya matrela na kupika kando ya barabara. Kila siku redioni walitajwa wao: dereva amekutwa na ugonjwa, dereva ameleta ugonjwa. Vijijini wakawa wanakimbiwa, wanawake waliokuwa wakiwauzia chakula walitengwa. Wenye mali walikuwa majumbani mwao Kampala wakiuliza mbona mzigo unachelewa. Niligombana na watu wengi mwaka ule, kwa pande zote mbili, na siku zingine sikujua ni nani mwenye haki, yule anayetaka geti lifungwe au yule ambaye watoto wake wanakula kwa kufunguliwa kwa geti. Nikiwa nimesimama chini ya vile vimeli ningependa kuwaona wale makarani wa mwaka 1720, walioandika kwenye daftari kwamba kila kitu kiko sawa. Si kuwahukumu. Kuwauliza ni nani aliwapigia mlango, na aliwaambia nini.

Mdogo wangu akanikuta bado nimesimama palepale. "Dada, unasali?"

"Nafanya kazi," nikamwambia.

*

Tulipotoka upepo ulikuwa umepungua kidogo. Mama alikuwa amefungua chupa ya chai ya tangawizi na mikate ya mofa aliyoifunga kwenye kitambaa. Kuna duka la vinywaji kule juu, lakini bei zake ni za kukufanya uache kiu. Tukala tumeegemea ukuta wa ngome, tumeipa bahari mgongo. Watu walipanda, wakapiga picha, wakashuka. Bibi harusi mmoja alikuwa akihangaika na shela lake, watu wanne wanalishika.

Hapo ndipo Mama alipouliza kwa mara ya kwanza kazi yangu hasa ni ipi. Mdogo wangu alikuwa amemwambia "mambo ya forodha", naye akadhani mimi ni askari. Nikamweleza: mzigo unakuja, mimi natengeneza makaratasi yake, natangaza ni nini na thamani yake, ushuru unalipwa, unatoka. Tangu mwaka 2014 mengi yanafanyika mzigo ukiwa bado Mombasa, lakini hata hivyo kuna mambo mpakani hayaishi.

Akaweka kikombe chini.

"Subhanallah. Na umekaa nyumbani kwangu siku zote hizi, unaosha vyombo, husemi?"

Akatoa karatasi kwenye pochi, imekunjwa mara nyingi hadi imeanza kukatika kwenye mikunjo. Alikuwa anapeleka vitu Moroni kwa ajili ya harusi ya mpwa wake: kabati, mashine ya kufulia, mapipa mawili ya nguo na vyombo, na godoro. Mtu mmoja wa mizigo alikuwa amemtajia bei, na Mama alikuwa amekaa na mizani ya bafuni wiki nzima akipima kitu kimoja kimoja, anapunguza sahani, anatoa sufuria, ili kilo zishuke. Alikuwa ameandika kila kilo kwa wino wa zambarau.

"Mama," nikamwambia, "kwa meli hawakutozi hivyo. Wanachukua mita za ujazo au tani, ile iliyo kubwa. Vitu vya nyumbani ni vyepesi, vinakula nafasi. Rudisha sufuria zako."

"Zote?"

"Zote. Zijaze ndani ya mashine ya kufulia. Na nguo ziingie kabatini, usiache hewa. Kabati likifunguka vipandevipande, lifungue lilale bapa. Godoro ndilo adui yako, liviringishe likazwe sana."

Akaomba kalamu kwa mdogo wangu. Akakata namba zote za kilo, mstari mmoja mrefu, kisha akaniuliza kabati lake nadhani lina kimo gani, na tukabishana hapo kwa kunyoosha mikono juu ya ukuta wa ngome, yeye anasema mita mbili, mdogo wangu anasema haiwezekani, dari yenyewe ya chumba haifiki. Basi namba 60 likaja, likapiga honi, likaondoka. Hatujafika hata kwenye mapipa.